Usahili, Uhaba na Haki ya Msanii

Istilahi za uhakiki aghalabu hubeba hukumu ndani yake. Mhakiki anapoiita picha "sanaa sahili", huonekana kana kwamba anaeleza maumbo na rangi zake. Kumbe mara nyingi anamhukumu aliyeiumba, kwamba hakujua njia nyingine. Suala hili basi si la ujumi peke yake, bali ni la kimaadili pia: je, ni haki kumsifu mtu kwa kutojua, au kwa kukosa?

Rosemary Karuga wa Kenya (1928–2021) ni mfano mwafaka. Alisomea sanaa Makerere kati ya 1950 na 1952, kisha akafundisha shuleni kwa miaka mingi. Alipoirudia sanaa katika miaka ya 1980, rangi zilikuwa ghali mno kwake. Akaunda kolaji, yaani picha za vipande vilivyobandikwa, kwa kukata karatasi za kufungia sabuni na pakiti za unga. Humo mna watu, wanyama na maisha ya kijijini, katika maumbo mepesi. Mnamo 1990 kazi zake zilikuwa miongoni mwa zilizoonyeshwa katika Studio Museum in Harlem, New York. Ni dhahiri kwamba wepesi huo haukutokana na ujinga. Ni jicho lililofunzwa lililochagua kila kipande na mahali pake.

Hukumu hiyo huwaelemea zaidi wasio na shahada. Katika sebule za Donholm, Eastlands ya Nairobi, kama katika nyumba nyingi nchini Kenya, makochi hufunikwa kwa vitambaa vilivyofumwa au kutariziwa kwa mkono. Hivyo huitwa mapambo. Lakini mfumaji wa vitambaa hivyo akitwaa mabaki ya leso, akayashona juu ya turubai na kuyapaka rangi, kazi yake ikatundikwa katika jumba la maonyesho, itaitwa sanaa sahili. Mkono ni uleule. Aliyebadilika ni mwenye kutoa jina. Donholm yenyewe ilirithi jina la shamba la mlowezi: majina hutolewa na wenye uwezo wa kuyatoa.

Yapo makosa mawili hapa. La kwanza ni dharau, nalo hutambulika upesi. La pili ni kuusifu uhaba wenyewe, na hili ni la hatari zaidi kwa kuwa huvaa sura ya upendo. Asemaye kwamba pakiti ya unga ina "ukweli" ambao rangi ya dukani haina, huugeuza umaskini kuwa fadhila, na kumwondolea lawama kila aliyepaswa kumlipa msanii.

Yamkini itapingwa kwamba malighafi ni sehemu ya maana ya kazi. Naam, ni kweli. Pakiti iliyopita jikoni huja na historia yake. Hata hivyo, kinachostahili sifa ni uteuzi uliofanywa ndani ya uhaba, wala si uhaba.

Kipimo ni kimoja. Msanii huyo angalipewa rangi zote alizozitaka, mhakiki angalifurahi au angalisikitika? Akisikitika, basi hakuipenda kazi; aliupenda umaskini wa mwenziwe.