Je, nyanya yetu alikuwa mtumwa? Tuseme au tufiche?



Siku hizi watu wengi hutafuta asili ya ukoo wao. Huko Marekani hasa kazi hiyo imekuwa kubwa. Mtu huenda katika nyumba zinamotunzwa karatasi za zamani, huomba aonyeshwe hati za mashamba, wasia za marehemu, vitabu vya ndoa na vya ubatizo, akilifuata jina la jamaa yake kutoka mtoto hata baba, kutoka baba hata babu, mpaka kuwafikia wale waliovuka bahari kwa merikebu miaka mia tatu iliyopita na zaidi. Wengi huanza kwa furaha, wakitumaini kumkuta bwana mkubwa mwenye mashamba. Halafu siku moja karatasi yawaonyesha jambo lingine: katika wasia ya huyo bwana, karibu na ng'ombe na vitanda na vyungu, wameandikwa watu, kila mtu na bei yake. Ama huona kwamba nyanya wa nyanya yao ni mmoja wa hao walioandikwa pamoja na ng'ombe.

Hapo ndipo swali linapoanza, wala si swali la Wamarekani peke yao. Mtu aliyevumbua jambo la namna hiyo katika ukoo wake afanye nini? Aliseme, ama afunge kitabu na kunyamaza? Nataka tulifikiri kwa mfano wa jamaa moja tu, jamaa ya Butler wa Maryland, maana habari yao yajulikana vizuri, tena yatuhusu sisi Wakatoliki zaidi kuliko tungalivyopenda.

Nchi ya Maryland ilianzishwa mwaka 1634 chini ya jamaa ya Calvert, wenye cheo cha Lord Baltimore, ili Wakatoliki wa Uingereza walioteswa kwa ajili ya dini yao wapate kimbilio. Lakini hata miaka thelathini na moja haijapita, nchi hiyo ya kimbilio ikatoa sheria. Sheria ya mwaka 1664 ilisema kwamba mwanamke huru akiolewa na mtumwa, atamtumikia bwana wa mume wake siku zote mume akiwa hai, na watoto wao watakuwa watumwa kama baba yao. Katika Virginia, nchi jirani, sheria ya mwaka 1662 ilikuwa imesema kinyume, kwamba mtoto atafuata hali ya mama yake. Msomaji wa Katanga atatabasamu hapa, maana ajua kwamba Wabemba huhesabu ukoo kwa mama na Waluba kwa baba, na shauri la mtoto laweza kuchukua siku nyingi kati ya wakwe. Lakini wakwe wetu hugombania mtoto awe wa nani, aitwe kwa jina la nani, amrithi nani. Wale wa Maryland na Virginia, hawa walipita mlango wa baba, wale mlango wa mama, nao wote walikuwa wakitafuta kitu kimoja ndani ya nyumba: mikono ya kufanya kazi bila mshahara.

Basi, mwaka 1681, alikuwako Maryland mtumishi mwanamke kutoka Irlandi, jina lake Eleanor Butler, ambaye watu walimwita Nell wa Irlandi. Alikuwa mtumishi wa Lord Baltimore wa tatu, Charles Calvert. Alitaka kuolewa na mtu mweusi, mtumwa wa Major William Boarman, aliyeitwa Charles tu. Wazee walisimulia baadaye kwamba Lord Baltimore alimwonya mwenyewe: ukiolewa na mtu huyu utawatia watoto wako katika utumwa. Nell akamjibu bila woga kwamba amtaka Charles kuliko huyo bwana mkubwa mwenyewe. Padri mkatoliki akawafungisha ndoa. Nell akaishi na mumewe, akaitumikia nyumba ya Boarman, akazaa watoto. Na watoto wale wakashikwa kuwa watumwa, na wajukuu vilevile.

Labda mtu atasema: Nell ndiye aliyekosa. Alionywa, alijua, akafuata moyo wake, na waliolipa ni watoto. Hoja hiyo si ya kudharau. Mzazi ana wajibu wa kufikiri mbele. Lakini tuipime vizuri. Haki ya kuoa na kuolewa yatoka katika sheria ya asili, nayo ni ya mtumwa pia. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba mtumwa aweza kuoa hata bwana wake asipopenda, maana mwili wa mtu katika jambo hilo hauko chini ya mtu mwingine. Basi Nell na Charles walifanya jambo halali mbele ya Mungu. Ubaya haukutoka katika ndoa yao. Ulitoka katika mapenzi ya watu walioichukua sakramenti na kuigeuza mtego. Tena tumtazame yule mwenye kuonya! Alinena juu ya sheria kama mtu anenaye juu ya mvua, na kumbe mtungi ulikuwa mkononi mwake. Nchi ilikuwa yake. Sheria zilihitaji kibali chake. Na kweli, mwaka uleule wa 1681 sheria ile ikageuzwa. Basi iliwezekana kugeuzwa. Lakini nafuu hiyo haikuwafikia watoto wa Nell.

Kuhusu padri aliyewafungisha, mimi namwona alifanya vema kutowanyima sakramenti. Kazi yake haikuishia hapo, maana bwana wa Charles naye alikuwa na roho, naye alihitaji kuambiwa neno.

Sasa tuje kwenye karatasi. Miaka karibu tisini baada ya arusi hiyo, William na Mary Butler, wa kizazi cha Nell, walikwenda kortini kudai uhuru wao. Hoja yao ilikuwa nyepesi: mama yetu wa zamani alikuwa mwanamke huru. Ili kuthibitisha ukoo, wazee waliitwa waseme walichokisikia kwa baba na mama zao: nani alikuwako arusini, nini kilisemwa, nani alizaliwa na nani. Wazee hao walikuwa wazungu wa kandokando, kwa sababu sheria ya Maryland ya mwaka 1717 ilikataza mtu mweusi kushuhudia katika shauri lenye kumhusu mzungu. Fikiri, msomaji. Wajukuu wenyewe, waliolishwa habari hiyo tangu utoto, walinyamazishwa, na ukoo wao ukasimuliwa na jirani.

Mwaka 1770 korti iliwapa uhuru. Mwaka 1771 korti ya juu ikawanyang'anya. Walirudi utumwani. Kisha binti yao, naye jina lake Mary, akaanza shauri upya juu ya bwana wake, Adam Craig, akashinda mwaka 1787, na mwaka 1791 korti ya juu ikathibitisha. Alishindaje? Waamuzi walisema kwamba Nell hangeweza kupotewa na uhuru wake kwa kuolewa na mtumwa, pasipo hukumu ya korti iliyoandikwa, na hukumu ya namna hiyo haikuonekana. Basi wazao wale hawakuachiliwa kwa sababu mtu hawezi kuwa ng'ombe. Waliachiliwa kwa sababu karatasi moja ilikosekana. Kama karani mmoja wa zamani angaliiandika hukumu hiyo na kuitunza vizuri, Mary Butler angalikufa mtumwa, na waamuzi wangalilala usingizi.

Mambo hayo yatufundisha namna ya kusoma vitabu vya zamani. Kitabu chasema kweli juu ya yaliyotendwa, lakini jina la mtumwa likiandikwa mle, hukumu iliyomo si hukumu juu yake. Ni hukumu juu ya aliyeshika kalamu.

Turudi kwetu. Tusijisifu kwamba sisi hatuna kurasa kama hizo. Siku za Msiri huko Bunkeya, na za Tippu Tip huko Kasongo, watu walikamatwa, wakauzwa, wakatolewa kuwa malipo ya deni la ukoo. Misioni za kwanza za ukingo wa Tanganika, kama Mpala, ambayo Mapadri Weupe waliipokea mwaka 1885, zilikusanya watoto waliokombolewa kutoka mikono ya wafanya biashara ya watumwa. Jamaa nyingi za Kikristo zimetoka kwa watoto hao. Wazee huzijua habari hizo sana, lakini hunong'ona. Na wakati wa mashauri ya arusi, mnong'ono huo huinuka: msioe kule, nyanya yao alinunuliwa. Kijana hukataliwa, na hata haambiwi sababu.

Basi tuseme ama tufiche? Wengine hunena kwamba kufunua mambo hayo ni dhambi ya kumvunjia mtu sifa. Ni kweli kwamba twakatazwa kufunua kosa la mwenzetu pasipo sababu, hata kama kosa ni la kweli. Lakini kununuliwa ni kosa la nani? Mtoto aliyenyakuliwa shambani hakutenda neno. Kumficha kana kwamba aliiba ni kukubaliana na walionunua, ni kusema kwamba bei waliyompa ilikuwa bei yake halisi. Lakini tena, anayepiga kelele sokoni, nyanya ya fulani alikuwa mtumwa, ili amshushe fulani mbele ya watu, huyo ametenda dhambi, ingawa maneno yake ni ya kweli. Wazao wenyewe ndio wenye haki ya kwanza ya kusema. Mgeni aliyesoma katika kitabu awaulize kwanza.

Mtakatifu Mateo, alipoandika ukoo wa Bwana wetu Yezu Kristu, angaliweza kuwaacha wanawake wote, kama ilivyokuwa desturi. Aliwataja Tamari, na Rahabu, na Ruti mgeni wa Moabu, na yule aliyekuwa mke wa Uria. Hakuna aliyemlazimisha.

Kuna kuficha kwa namna nyingine ambako hakuna udhuru wowote, nako ni kuficha ili kunyang'anya. Watoto machotara wa wakati wa Wabelgiji walitwaliwa kutoka kwa mama zao weusi na kupelekwa katika misioni, na baba zao wazungu mara nyingi hawakutaka kujulikana. Serikali ya Ubelgiji iliomba msamaha kwa kinywa cha waziri mkuu Charles Michel mwezi wa nne mwaka 2019. Mnamo tarehe 2 Desemba 2024 korti ya rufani ya Bruxelles iliamua kwamba serikali hiyo ilitenda uhalifu juu ya ubinadamu kwa wanawake watano wa namna hiyo, waliotwaliwa kabla ya kutimiza miaka saba. Mtu akimnyima mwana jina la baba yake, ama karatasi zenye habari za mama yake, huyo hafichi aibu ya ukoo. Anashika mali ya mwingine, na kitubio chake hakitakamilika asipoirudisha.

Na kuhusu jamaa ya Butler, jambo moja limebaki. Wazao wao walichukua jina la Nell, kwa kuwa jina lile ndilo lililokuwa mlango wa uhuru. Katika mashauri yote hayo Nell ana jina mbili, na nchi aliyotoka yajulikana. Mume wake aliitwa Charles, jina lilelile la bwana aliyetaka kuizuia arusi yake. Mama yake alikuwa amempa jina gani, hakuna mwamuzi aliyeuliza.