Je, Ni Kweli Kwamba Miraa Haiondoi Akili?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemtukuza binadamu kwa akili. Na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zangu Waislamu, swali moja hurudi daima katika darasa zetu hapa Nakuru: "Miraa si pombe. Haimwangushi mtu njiani, bali humkesha akafanya kazi yake. Basi kosa lake ni lipi?" Na waulizao hivi si wapumbavu. Wamo madereva wa malori watokao Mombasa kwenda Malaba, wapitao mji wetu usiku na kutua Salgaa. Wamo na vijana wetu wa Bondeni, wakaao barazani tangu alasiri hata usiku wa manane na miraa ya Meru au muguka wa Embu, karanga zikiwa kando. Yatupasa tuwajibu kwa elimu, si kwa makelele.

Mwaka 1975 maabara ya Umoja wa Mataifa ilipata katika majani mabichi ya miraa kemikali iitwayo kathinoni. Hii ni jamaa ya amfetamini kwa umbo na kwa kazi, ijapokuwa nguvu yake ni ndogo. Jani likichumwa, kathinoni huanza kupungua, na baada ya siku mbili hivi nyingi yake huwa imegeuka kitu dhaifu. Ndiyo sababu miraa hufungwa kwa majani ya mgomba, na magari yaichukuayo hukimbia kama yafukuzwayo.

Kathinoni huufanya ubongo umwage dopamini kwa wingi. Mwenyezi Mungu ameiumba dopamini iwe kama muhuri: chakula kikimfaa mwenye njaa, ubongo hukipiga muhuri ili akikumbuke na kukitafuta tena. Jani hupiga muhuri huo huo pasipo faida yenyewe. Mtu akilitafuna kila siku, ubongo hupunguza usikivu wake, mfano wa mtu azibaye masikio penye ngoma kubwa. Ndipo mambo ya halali, kama maongezi ya mke na michezo ya watoto, yanapopoteza ladha yake. Na kibunda kilichotosha jana, leo hakitoshi.

Na lipo jambo la ajabu zaidi: raha hupungua, lakini hamu huzidi. Ubongo umekwisha kulifunga jani pamoja na saa yake, baraza yake na wenzi wake. Ifikapo alasiri, au aonapo gari la miraa, moyo humruka kabla hajafikiri. Na sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo kazi yake ni kupima na kuzuia, hulegea kwa kukosa usingizi na kwa mazoea. Hivyo mtu huapa asubuhi kwa nia safi, na jioni hukivunja kiapo chake. Ama dereva, jani humficha usingizi wake tu. Halimlipii deni la usingizi huo.

Hapa ndipo lilipo jawabu. Asemaye kuwa miraa haiondoi akili huipima kwa kikao kimoja. Nasi twamwambia aipime kwa mwaka mmoja. Imam Ghazali alitaja vitu vitano ambavyo sharia imekuja kuvilinda: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Itazameni nyumba ya mtafunaji wa kila siku. Sala ya Alfajiri humpita amelala, chakula hakimpendezi, na ada ya shule ya wanawe imekwisha sokoni kwa miraa. Akili yake haikuondoka. Imeajiriwa na bwana mwingine.

Ibn Hajar al-Haytami, mwanachuoni aliyeishi Makka katika karne ya 16, aliandika risala juu ya jani hili, akawaonya watu wajiepushe nalo. Yeye alionya asiijue kathinoni. Sisi tuliokwisha kuijua tuna udhuru gani? Wala isitughuri kwamba sheria ya Kenya yaitambua miraa kuwa zao la biashara. Uingereza iliipiga marufuku mwaka 2014, na ubongo wa Mwingereza na wetu ni mmoja.

Lakini msikate tamaa. Mwaka 2001 wataalamu wa Marekani walieleza habari za watu walioacha methamfetamini, dawa iliyo kali kuliko miraa. Baada ya mwaka mmoja na zaidi, sehemu ya ubongo iliyodhurika ilionyesha kupona, ijapokuwa kumbukumbu na wepesi wa viungo havikurudi kwa kadiri hiyo.

Basi atakaye kutubu asitegemee kiapo peke yake. Abadilishe njia ya kurudia nyumbani, na saa ya alasiri aigeuze kuwa ya darasa au ya kazi. Nanyi jamaa zake, msimcheke wala msimfukuze. Siku zake za mwanzo atakuwa mchovu, mzito na mwepesi wa hasira. Mvumilieni, kwani hajarudi nyuma, bali ubongo wake unajifunza upya.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie akili zetu na za watoto wetu. Amin.