Haki ya Mgonjwa Asiyetarajiwa Kupona

Bismillahi Rahmani Rahim. Ama baada ya hayo:

Enyi ndugu Waislamu, katika karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo kupitia Tabora hata Ujiji, na mpagazi aliyezidiwa na maradhi aghalabu aliachwa njiani. Leo mwenye saratani hutoka Tabora hata hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kwa reli. Akirudishwa kwao bila ya tamaa ya kupona, asiachwe kama mpagazi yule. Haki zake zimebaki: kuzuriwa, kuoshwa vidonda, kugeuzwa ubavu, na kutulizwa maumivu.

Wako wasemao kuwa mofini ni kileo, basi mgonjwa na asubiri. Si sawa. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ameitaja ruhusa ya dawa ipotezayo fahamu kwa haja ya kukata kiungo kilichooza. Basi mofini aipimayo tabibu, ikusudiwayo kutuliza wala si kulevya, ina haki zaidi ya kuruhusiwa.

Subira ni kutomnung'unikia Mola, si kuikataa dawa. Na maumivu yakitulia, mgonjwa hupata kusali, ijapokuwa kwa ubavu, na kuusia, na kukiri madeni yake, na kutamka shahada.

Wallahu aalam.