Kibao Kinataka Msimulizi

Nchi ya Waluba, ambamo mji wa Kamina umo, ilikuwa na vibao vya kumbukumbu zamani kabla ya simu kufika. Kibao hicho, lukasa, ni kipande cha mbao kinachoenea mkononi, kilichopambwa kwa shanga na nakshi. Watu wa chama cha Mbudye walipitisha vidole juu yake huku wakisimulia habari za wafalme na safari zao. Kibao chenyewe hakikusema; aliyesema ni mtu, mbele ya wasikilizaji wake.

Simu anayopewa mtoto ili atulie hufanya kinyume: inasema yenyewe, na mkubwa ananyamaza. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto ambaye hajatimiza miaka 2 asiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku. Akiwa ameketi, afadhali asomewe au asimuliwe hadithi.

Si lazima simu ifichwe. Keti na mtoto, tazameni picha za wanyama pamoja, muulize huyu ni mnyama gani, mtajie jina lake kwa Kiluba na kwa Kiswahili. Kisha izime, mtoto akacheze na wenzake.