Wembe wa Dirhamu 15

Jumamosi moja hapa Dubai nilinunua wembe wa kukunja uliokwisha tumika, kazi ya Solingen, Ujerumani, kwa dirhamu 15. Una kutu, na mpini umepasuka. Mawe ya kuunolea yatagharimu mara kumi ya bei hiyo. Mama watoto aliuliza neno moja tu: "Wa nini?"

Mimi ni mhandisi, nikauchunguza kwa lenzi. Kutu ya juu juu kwenye bapa husuguliwa ikatoka. Kutu iliyochimba hadi kwenye makali ndiyo kifo cha wembe, maana kila ukinoa, makali humeguka. Huu wangu makali yake yamesalimika. Lakini jibu hilo lilikuwa la chuma, si la mama watoto.

Ukweli ni kwamba marehemu baba, kule Tanga, alijinyoa kwa wembe kama huu, akiulainisha kwa mkanda wa ngozi. Alipofariki, mdogo wangu alinipigia simu: "Kaka, wembe wa mzee tukuwekee?" Nikamjibu: "Wa nini? Utupeni."

Je, kuufufua wembe wa mtu nisiyemjua ni kulilipa deni hilo? Naona sivyo. Chuma hakipokei radhi. Na anayetengeneza kitu ili kutuliza dhamiri atalipa bei yoyote, hata kwa wembe uliokwisha kufa.

Kwa hiyo nitaunoa kwa sababu bado unaweza kunyoa, basi. Radhi nitamwomba mdogo wangu, kwani ndiye niliyemwachia kuutupa kwa mkono wake.