Mgeni Asiyefika Siku ya Tatu

Mtu ana haki gani ya kutazama? Swali hili huonekana la kitoto, kwa kuwa jicho halitozwi kodi, na anayetazama huaminiwa kwamba hachukui kitu. Aliyekula embe la mwenziwe amelila. Aliyeliangalia tu ameliacha palepale mtini. Juu ya hoja hiyo nyepesi imejengwa biashara nzima ya safari za visiwani: meli ndogo yenye vyumba vichache vya starehe, mpishi hodari, mtaalamu wa ndege na wanyama, na darubini kwa kila abiria. Meli hupita kisiwa baada ya kisiwa. Wageni hushushwa kwa mashua asubuhi, wakaona, wakapiga picha, na jua linapotua wamekwisha kurudi mezani. Hawakukata mti wala hawakuua mnyama. Kosa lao liko wapi?

Kamachumu, katika Wilaya ya Muleba, mkoani Kagera, ni mahali pema pa kuliuliza swali hili, japokuwa hapana bandari wala nanga. Ni uwanda wa juu, wenye vibanja vya migomba iliyochanganyika na mibuni. Kutoka katika kingo zake, siku ya anga safi, huonekana ziwa ambalo Wahaya waliliita Lweru kabla ya ramani kuliita Victoria, na juu ya maji yake visiwa vya Muleba, Bumbire kikiwa mbele ya vyote. Mbali zaidi kusini, pasipofikiwa na macho, kipo Rubondo.

Mtu wa Kamachumu naye ni mtazamaji. Hukaa mbali na juu, kama abiria wa meli akaavyo mbali na juu ya sitaha, na visiwa huviona kwa ukubwa uleule wa kiganja. Lakini kutazama kwake kumefungwa na mambo. Huko visiwani yumo mpwawe aliyekwenda kuvua na hajarudi. Yumo mdeni wake. Wamo samaki wa chakula cha jioni. Katika imani za kale ziwa hilo lilikuwa na mwenyewe, Mugasha, bwana wa maji na dhoruba, ambaye hakuwa wa kuvukiwa maji yake kwa dharau. Na tangu tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza na kuua watu zaidi ya 800, wengi wao wakiwa wametoka Bukoba na Kemondo pamoja na mikungu yao ya ndizi, hapana mtu wa nchi ile atazamaye ziwa kama picha. Hiyo nayo ni safari ya melini ziwani; tofauti ni kwamba hakuna aliyeifanya kwa ajili ya kuona.

Rubondo ndicho kisiwa ambacho wageni hukiendea kwa wanyama. Hadithi yake yastahili kusimuliwa taratibu, kwa sababu imepinduka. Mwaka 1965 kilifanywa pori la akiba, na wenyeji wake, wavuvi na wakulima, wakahamishiwa visiwa vya jirani na nchi kavu. Kati ya mwaka 1966 na 1969 shirika la wanyama la Frankfurt, chini ya Bernhard Grzimek, likawaleta sokwe 17. Hawakuwa sokwe wa Tanzania. Asili yao ilikuwa Afrika Magharibi, na miaka yao mingi waliipitisha katika mabustani ya wanyama ya Ulaya, nyuma ya vyuma. Wa kwanza wao walivushwa bahari ndani ya masanduku, kwa meli ya mizigo, mpaka Dar es Salaam. Waliletwa pia tembo, twiga, na vifaru weusi. Vifaru hawakudumu. Tembo na twiga wangalipo, na sokwe wamezaana hata wamekuwa makumi. Mwaka 1977 kisiwa kikawa hifadhi ya taifa, yenye eneo la kilomita za mraba 456 na ushei pamoja na maji yake.

Sadfa moja ya miaka ile haiachi kuchekesha na kusikitisha. Mwaka uleule wa 1966, sokwe walipokuwa wakisafirishwa katika masanduku, Lars-Eric Lindblad aliwapeleka watalii wa kwanza Antaktika. Mwaka uliofuata akawapeleka Galápagos. Na mwaka 1969, sokwe wa mwisho walipofunguliwa Rubondo, ikashushwa majini meli yake ya Lindblad Explorer, iliyokuwa mama wa meli hizi zote ndogo za starehe. Walimwengu wawili walikuwa safarini wakati mmoja: mnyama kwenda kutazamwa, na mtu kwenda kutazama.

Kwa hiyo mgeni anayeshuka Rubondo leo na kuambiwa kwamba yuko mbele ya maumbile yasiyoguswa, ameambiwa nusu ya kweli. Nzohe, viboko na mamba ndio waliokuwapo tangu zamani. Sokwe ni mgeni aliyefanywa mwenyeji, na mwenyeji halisi alifanywa mgeni katika kisiwa cha pili. Hata ziwa lenyewe si lile la awali: sangara aliyetiwa majini katika miaka ya 1950 na baadaye amewala furu wa aina mamia, nyingine zisionekane tena. Aliyezoea kugawa ulimwengu mafungu mawili, la watu na la maumbile, hapati pa kuupitisha mstari wake.

Hapa patazuka pingamizi, nayo si ndogo. Lau watu wasingaliondolewa, yasemwa, msitu wa Rubondo ungalikuwa mkaa zamani, na maji yake, ambamo samaki huzaliana bila ya nyavu, yangalikuwa matupu. Na mvuvi wa Muleba hunufaika na samaki watokao humo. Hilo ni kweli. Na umbali wa mgeni si kiburi bali ni adabu: sokwe huambukizwa mafua ya binadamu na kufa kwayo, kwa hiyo atakayemkaribia sana kwa mapenzi atamuua kwa mapenzi hayo. Mbele ya mnyama, mtazamaji mwema ni yule anayekaa mbali, asiyetoa chakula, asiyegusa, asiyeacha alama, na anayeondoka mapema.

Lakini Waswahili wana sheria nyingine kwa ajili ya watu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi huusoma msemo huu kama onyo kwa mvivu, na ni kuusoma kwa upande mmoja. Jembe ni heshima pia. Anayepewa jembe amehesabiwa: jina lake limejulikana, atadaiwa na atadai, na shamba litakapokauka naye atalia. Mbele ya binadamu, mgeni mwema ni yule anayekubali kuguswa na kuacha alama. Adabu ipasayo kwa sokwe ikitumiwa kwa mtu huwa ni tusi, na starehe ya meli imefanywa kwa namna ambayo haiwezi kutumia adabu mbili. Kwa darubini ileile hutazamwa korongo na mtumbwi. Kwa umbali uleule hupigwa picha mamba na mama anayefua. Meli huondoka siku ya pili. Siku ya tatu, siku ya jembe, haimo katika ratiba.

Ubaya wa umbali huo si wa kufikirika tu. Mwaka 1875 mzungu mmoja, Henry Morton Stanley, alilizunguka ziwa hili kwa mashua iliyoitwa Lady Alice, akiandika na kuchora kila alichokiona. Mwezi Aprili alitua Bumbire akiwa na njaa, pakatokea ugomvi, akaponea chupuchupu. Tarehe 4 Agosti alirudi na kundi la mitumbwi, akaipanga majini mbali kidogo na ufuo, mahali ambapo risasi ilifika na mshale haukufika, akawapiga watu waliosimama pwani kwao. Kwa maelezo yake mwenyewe aliua makumi. Magazeti ya Uingereza yaliposoma habari hizo yalimlaumu, na hilo liandikwe kwa haki. Hapana anayesema kwamba mtalii mwenye kamera ni Stanley. Lakini ni vyema kukumbuka kwamba mahali pa kuona bila ya kufikiwa si pageni katika ziwa hili, na kwamba aliyesimama hapo mwanzo hakuwa mtazamaji tu.

Msomaji wa pwani asidhani kwamba haya ni ya bara. Misali, magharibi ya Pemba, nusura ikabidhiwe kwa hoteli katika miaka ya 1990, ila wavuvi waliokuwa wakipiga dago humo walisikilizwa, na mwaka 1998 kikafanywa kisiwa cha hifadhi ambamo sehemu moja imefungwa na nyingine imebaki kuvuliwa. Uhifadhi ulifundishwa kwa lugha ambayo mvuvi aliijua tangu chuoni: kwamba binadamu ni khalifa juu ya ardhi, si mwenye mali. Kasa alipata pa kutagia, na mvuvi hakuambiwa ahame ili aonekane kasa peke yake. Mambo hayakunyooka yote, na wizi wa samaki haukwisha; bado huo ni mpango wa heshima kuliko ule wa Rubondo.

Tangu mwaka 2020 MV Victoria, iliyofanyiwa matengenezo makubwa, imerudi kusafiri kati ya Mwanza, Kemondo na Bukoba. Mgeni anayetaka kuviona visiwa aweza kukata tiketi humo, akae ubavuni mwa mikungu ya ndizi, aulizwe anakotoka, ana watoto wangapi, na kwa nini anasafiri peke yake. Ndege wachache atawaona, maana safari ni ya usiku. Na abiria wa jirani yake, mwenye jamaa aliyezama mwaka 1996, akitaka kumhadithia, hatakuwa na pa kwenda mpaka kupambazuke.