Kutenda na Kutendeshwa: Hatia ya Mchezaji katika Michezo ya Video yenye Masimulizi

1.0 Utangulizi

Msomaji wa riwaya anapoeleza alichokisoma hutumia nafsi ya tatu: mhusika alifanya hivi, akapatwa na vile. Mtazamaji wa tamthilia hufanya vivyo hivyo. Mchezaji wa mchezo wa video wenye masimulizi huzungumza kwa namna nyingine. Akiulizwa kilichotokea hujibu: nilifungua mlango, nikamkuta daktari, nikamwua. Kiambishi cha nafsi kimebadilika, na badiliko hilo dogo lina swali zito la kimaadili ndani yake. Je, anayesema "nilimwua" kuhusu ulimwengu wa kubuni ameteleza ulimi tu, au anakiri jambo?

Makala haya yanalichunguza swali hilo. Maoni ya wachezaji wenyewe huelekea pande mbili. Wapo wanaodai kwamba hatia haiwezi kuwapo kwa kuwa hakuna aliyekufa na, isitoshe, mchezo haukuwapa njia nyingine. Wapo pia wanaoshikilia kwamba mkono uliobonyeza kitufe ulikuwa wao, na kwamba uzito wa tendo uliwakaa moyoni hata baada ya mashine kuzimwa. Mhakiki aliyezoea kuiona michezo hii kuwa burudani ya vijana atayapuuza maoni yote mawili. Akifanya hivyo atakuwa amepoteza nafasi adimu, kwani michezo hii imelifufua suala kongwe la uhusiano baina ya hadhira na tendo la mhusika. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kila upande una nusu ya ukweli, na kwamba sarufi ya Kiswahili, isiyoishia kwenye kauli za kutenda na kutendwa, inatoa istilahi ya kuziunganisha nusu hizo.

2.0 Hadhira isiyo na hatia

Katika Poetics, Aristotle anaeleza kuwa tanzia huamsha huruma na hofu. Hisia zote mbili ni za mtu anayetazama yanayompata mwingine. Hatia haimo katika maelezo hayo, na sababu yake iko wazi: mtazamaji wa Oedipus hakumwua Laius. Huweza kutetemeka kwa kutambua kwamba yaliyompata mfalme yanaweza kumpata mtu yeyote, lakini hutoka katika ukumbi akiwa na mikono safi.

Hali ni hiyo hiyo katika riwaya. Msomaji wa Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971) huweza kumlilia Rosa, kumkasirikia Zakaria kwa malezi yake ya mabavu, na kujiuliza jamii ilikosea wapi. Hawezi kumwokoa Rosa, na kwa hiyo hawezi kulaumiwa kwa kutomwokoa. Colin Radford alipouliza mwaka 1975 inakuwaje watu wahuzunike kwa ajili ya Anna Karenina, wakijua hakuwahi kuishi, na Kendall Walton alipojibu mwaka 1978 kwamba hisia hizo ni sehemu ya mchezo wa kujifanya, wote wawili walizungumzia hisia ambazo hadhira huwa nazo mbele ya mkasa wa mhusika.

Huenda mtaalamu wa fasihi simulizi akapinga kwamba hadhira ya ngano haikai kimya. Huitikia, huimba kiitikio, huuliza, na fanani stadi hubadilisha masimulizi kwa kuangalia nyuso zilizo mbele yake. Hilo ni kweli, na kwa sababu hiyo ngano iko karibu na mchezo wa video kuliko riwaya ilivyo. Hata hivyo, kuna mpaka usiovukwa. Hadhira ikiimba pamoja na fanani wimbo wa shujaa anayemkata zimwi, kisu hubaki mkononi mwa shujaa. Michezo ya video imekichukua kisu hicho na kumkabidhi msikilizaji.

3.0 Chumba cha upasuaji

Mfano unaofaa kuchunguzwa kwa kina ni The Last of Us, mchezo uliotengenezwa na kampuni ya Naughty Dog ya Marekani na kutolewa mwaka 2013, masimulizi yake yakiwa yameandikwa na Neil Druckmann. Mchezo unaanza kwa kumfanya mchezaji amwongoze Sarah, binti wa Joel, usiku ambao ugonjwa wa kuvu unaanza kuiangamiza jamii. Muda mfupi baadaye anakuwa Joel mwenyewe, akikimbia na binti huyo mikononi, hadi Sarah anapopigwa risasi na askari na kufa. Miaka 20 inapita. Joel, ambaye sasa ni mfanya magendo aliyekauka moyo, anapewa kazi ya kumsafirisha Ellie, msichana wa miaka 14 ambaye ugonjwa haumdhuru. Wanavuka Marekani kutoka Boston hadi Salt Lake City, na katika safari hiyo ndefu mchezaji huzoea kumlinda Ellie kama desturi ya mkono: humpandisha ukutani, humvusha maji kwa sababu hajui kuogelea, huwaua wanaomtishia.

Katika hospitali ya Salt Lake City, waasi waitwao Fireflies wanaamua kumpasua Ellie ubongo ili watafute chanjo. Upasuaji huo utamwua, na hakuna aliyemwomba ridhaa. Joel anapigana hadi chumba cha upasuaji. Daktari anasimama kati yake na kitanda, kisu kidogo mkononi. Mchezaji akisimama bila kufanya lolote, hakuna kinachosonga. Wasaidizi wawili wa daktari anaweza kuwaacha hai, lakini daktari lazima afe, na lazima afe kwa kitufe kinachobonyezwa na mchezaji.

Mwaka 2023 masimulizi hayo yalitolewa na HBO kama tamthilia ya televisheni ya sehemu tisa. Daktari anauawa humo pia, na mtazamaji huweza kushtuka, kumlaumu Joel au kumhurumia. Ulinganisho huu ni wa thamani kwa mhakiki kwa sababu msuko, wahusika na mandhari ya tukio ni yale yale kwa kiasi kikubwa. Kilichotofautiana ni nafsi. Mtazamaji wa televisheni husema "alimwua". Mchezaji husema "nilimwua". Kama hisia ya hatia ingetokana na hadithi peke yake, wote wawili wangekuwa nayo kwa kadiri moja.

4.0 Kauli ya kutendeshwa

Anayesema hakuna hatia ana hoja madhubuti: palipo na njia moja hapana uchaguzi, na pasipo na uchaguzi hapana wajibu. Anayesema hatia ipo hutegemea ukweli wa hisia yake. Mabishano hukwama kwa sababu pande zote mbili hudhani kuna nafasi mbili tu: ama mtu ametenda, ama ametendwa. Kiswahili kina kauli ya kutendesha na, ikinyambuliwa zaidi, ya kutendeshwa: kulishwa, kuimbishwa, kuapishwa. Aliyeimbishwa ameimba. Sauti ni yake na pumzi ni yake, ingawa chanzo cha wimbo kilikuwa kwa mwingine. Mchezaji katika chumba cha upasuaji ametendeshwa.

Fasihi ya Kiswahili inaijua hali hiyo. Katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert (1952), Adili hulazimika kuwapiga kila usiku nyani wawili ambao kwa hakika ni ndugu zake waliogeuzwa. Amri imetoka kwa jini, na hana uwezo wa kuitangua. Anayechungulia kutoka nje huona ukatili mtupu. Msomaji anayeingia ndani ya kisa hutambua kwamba viboko havimweki Adili katika kundi la wakatili, kwa kuwa anavipiga kwa uchungu, na baada ya kupiga huwatunza aliowapiga. Tendo limelazimishwa. Namna ya kulipokea tendo hilo moyoni haikulazimishwa, na utu wake hupimwa hapo.

Bernard Williams, katika mjadala wake kuhusu bahati na maadili wa mwaka 1976, alitoa mfano wa dereva wa lori anayemgonga mtoto bila kosa lake. Wapita njia huhuzunika, lakini majuto ya dereva ni ya namna nyingine, na kama dereva angejihesabu kuwa mpita njia tu watu wangemwona ana kasoro. Mfano huu husaidia kutenganisha majuto na hatia: hatia hudai kosa, ilhali majuto ya mtendaji hudai tu kwamba tendo lilipita mikononi mwake.

Papo hapo pana pingamizi. Mtoto wa mfano wa Williams amekufa ndani ya kisa chake kama mtu halisi. Daktari wa The Last of Us ni picha kwenye kioo. Mchezaji anajutia nini basi? Jibu ni kwamba hakijutii kifo. Anachokutana nacho ni ridhaa yake mwenyewe. Mchezo ulilazimisha kitufe kibonyezwe, ila haukuweza kulazimisha kibonyezwe kwa shauku, kwa kusitasita au kwa chuki. Mchezaji mmoja alifika mbele ya daktari akiwa tayari ameamua kwamba uhai wa msichana mmoja ni bora kuliko chanjo ya wote. Mwingine alibonyeza akiwa hataki. Kwenye kioo matendo yao hayana tofauti. Tofauti imo ndani yao, na hakuna anayeijua isipokuwa wao. Hisia inayobaki ni elimu halisi kumhusu mtu halisi, hata kama aliyeuawa ni wa kubuni.

5.0 Mzigo na lawama

Hoja hii inampa mhakiki kipimo cha kazi zenyewe. Kazi ya sanaa ina haki ya kumtwika mchezaji mzigo. Haina haki ya kumlaumu kwa tendo ambalo yenyewe ilimtendesha. Spec Ops: The Line, mchezo uliotengenezwa na kampuni ya Yager ya Berlin na kutolewa mwaka 2012, unaonyesha hatari hiyo. Kapteni Walker yumo Dubai iliyofukiwa na mchanga. Hakuna njia ya kusonga mbele bila kurusha fosforasi nyeupe juu ya kambi ya askari, na baadaye inadhihirika kwamba raia waliokuwa wamejificha humo wameteketea. Tukio lina nguvu kubwa. Hata hivyo, kadiri mchezo unavyoendelea, maandishi yanayojitokeza kwenye kioo humgeukia mchezaji na kumsuta, kana kwamba yeye ndiye aliyefunga njia nyingine zote.

Utetezi unaotolewa ni kwamba mchezaji angeweza kuizima mashine. Utetezi huo hautoshi. Msomaji anayelifunga kitabu kabla ya kifo cha Rosa hajamwokoa Rosa. Ameacha kusoma tu. Kuzima mashine ni kuondoka ukumbini, na kuondoka ukumbini hakuwi tendo ndani ya hadithi.

Lawama hupata uhalali pale uchaguzi unapokuwapo. Undertale ya Toby Fox (2015) inaweza kumalizwa bila kuua kiumbe hata kimoja. Mchezaji anayeua na kisha kurudi nyuma ili asahihishe hugundua kwamba kuna anayekumbuka alichokifanya. Suto hilo ni la haki, kwa kuwa mlango mwingine ulikuwa wazi.

The Last of Us haimsuti mchezaji, na pengine kwa sababu hiyo uzito wake hauondoki upesi. Katika sehemu ya mwisho, mchezaji anaondolewa kwa Joel na kuwekwa kwa Ellie. Anamfuata Joel kwa miguu msituni, kisha anadanganywa usoni kwamba kuna wengi wenye kinga kama yake na kwamba tiba imeshindikana. Aliyebonyeza kitufe sasa yumo katika nafsi ya aliyenyimwa haki ya kuamua. Mchezo hautoi hukumu. Umebadilisha kiambishi tu, na mchezaji ameachwa aipime ridhaa yake kutoka upande wa pili.

6.0 Hitimisho

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Methali hiyo ina hekima ya kuzuia kisasi dhidi ya aliyetumwa, lakini imetumiwa pia kuficha mengi. Karani aliyepiga muhuri, askari aliyefuata amri na mwalimu aliyetekeleza waraka asioukubali wote huweza kusema walitumwa, na mara nyingi husema kweli. Swali linalobaki ni waliifanyaje kazi ile mioyoni mwao, na kama mlango mwingine ulikuwapo waliutafuta au walifurahi kuukosa.

Michezo ya video yenye masimulizi haikulianzisha swali hilo. Imelihamisha tu kutoka kwa mhusika hadi kwa hadhira, jambo ambalo riwaya na tamthilia haziwezi kulifanya kwa njia hiyo hiyo. Uhakiki unaoishia kwenye maudhui, mandhari na wahusika utaupita mchezo wa namna hii bila kuuona, kwa kuwa tukio lake kuu halitokei kwenye kioo. Mchezaji anayesema "nilimwua" hajakosea lugha. Ametumia kauli fupi mahali palipohitaji ndefu zaidi: alimwulishwa, na anajua kwa moyo gani.